Lost: hawakufa kwenye ile ajali, na ukisema walikufa unaifuta stori nzima

Toka Lost, ile tamthilia ya Marekani ya manusura wa ajali ya ndege kisiwani, irudishwe Netflix kule Marekani Julai 2024, na Septemba ya mwaka uleule ikatimiza miaka 20 tangu stesheni ya ABC irushe episodi ya kwanza, limeibuka kundi jipya kabisa la watu wanaoiangalia, wengine hata shule walikuwa hawajaanza wakati inaisha, na kila mmoja wao akiuliza aianze au aachane nayo lazima atokee mtu wa kumkatisha tamaa na sentensi ileile: usipoteze muda, wale wote walishakufa kwenye ajali, kisiwa chenyewe ni toharani tu. Hili jibu linazunguka tangu ilipoisha Mei 2010 na limezoeleka kiasi kwamba kuna watu hawajawahi kuona hata nusu saa ya hiyo sizoni lakini wanalo mdomoni. Wahenga walisema lisemwalo lipo, ila hili halipo. Hawakufa kwenye ajali, na hapa siyo mtazamo wangu dhidi ya mtazamo wako, ni kitu kilichosemwa kwa mdomo ndani ya episodi ya mwisho na kikaonyeshwa kwa picha. Ila kusahihisha tu ni kazi nyepesi, sitaki kuishia hapo. Ninachotaka kusema ni kwamba hili kosa lina chanzo, na chanzo chake siyo watazamaji kuwa wazito wa kuelewa, ni namna televisheni ya Marekani ilivyokuwa inatengeneza na kuuza stori miaka ile, na mpaka leo tunailaumu Lost kwa kitu ambacho haikufanya huku tukiiachia yale iliyokosea kweli. Natoboa kila kitu mpaka mwisho, kwa hiyo kama hujaiona na una mpango wa kuiona, ishia hapa.

Kwa ambaye imeshamtoka kichwani, ndege ya Oceanic namba 815 inatoka Sydney kwenda Los Angeles, inakatika vipande angani tarehe 22 Septemba 2004, tarehe ileile ambayo episodi ya kwanza ilirushwa. Watu 48 wa sehemu ya kati ya ndege wanajikuta hai kwenye ufukwe wa kisiwa ambacho hakipo kwenye ramani. Ilipigwa Oahu, Hawaii, na yale mabaki unayoyaona mchangani ni ndege ya kweli, Lockheed L-1011 ya zamani iliyonunuliwa, ikakatwakatwa na kusafirishwa mpaka kule, episodi ya kwanza ikala zaidi ya dola milioni 10, na Lloyd Braun, yule bosi wa ABC aliyekuja na wazo lenyewe, alikuwa ameshaondolewa kazini kabla haijaonekana hewani. J. J. Abrams na Damon Lindelof ndo walioiandika juu ya msingi wa Jeffrey Lieber, halafu Abrams akaenda zake kwenye sinema, mzigo wa miaka sita ukabaki kwa Lindelof na Carlton Cuse. Usiku wa kwanza watu zaidi ya milioni 18 waliiangalia Marekani, mwaka 2005 ikabeba Emmy, tuzo kubwa ya televisheni ya Marekani, ya tamthilia bora. Na kilichowakamata watu hakikuwa kisiwa peke yake. Kila episodi ilimchukua mtu mmoja ikaturudisha kwenye maisha yake kabla ya kupanda ile ndege, ukakuta Sayid ni mwanajeshi wa Iraq aliyekuwa anatesa watu, na huo ni mwaka 2004, Marekani wenyewe wapo vitani Iraq, na bado watazamaji wa Marekani wakampenda. Sun na Jin, mke na mume, wanaongea Kikorea dakika nzimanzima kwenye saa ghali kuliko zote za televisheni. Kwa wakati ule hicho kitu kilikuwa hakipo.

Sasa twende kwenye mwisho wenyewe. Msimu wa 6 una stori mbili zinazoenda sambamba. Moja ni ya kisiwani, inaendelea palepale msimu wa 5 ulipoishia. Nyingine inaanza na ndege ileile ya Oceanic lakini safari hii inatua salama Los Angeles, Jack, yule daktari anayewaongoza manusura, ana mtoto wa kiume anayeitwa David, manusura mwenzake Locke yupo na mchumba wake Helen, kisiwa kipo chini ya bahari. Kwenye dakika za mwisho Jack anaingia kanisani, anakuta jeneza la baba yake, analifungua, halina mtu. Anageuka, baba yake Christian amesimama nyuma yake. Jack anamuuliza inakuwaje upo hapa, ulikufa, Christian anamjibu kwa upole mpaka Jack mwenyewe anaelewa kwamba na yeye amekufa. Na hapo Christian anasema maneno ambayo yanatosha kumaliza huu ubishi wote: kila kilichokutokea kilikuwa cha kweli, hao watu ni wa kweli, kila mtu anakufa siku yake, wengine walikufa kabla yako, wengine muda mrefu sana baada yako. Hiyo sehemu ya pili ya stori, ya Los Angeles yenye kila kitu kilichonyooka, ndo mahali pa wafu. Kisiwa siyo. Los Angeles ile ni sehemu waliyojitengenezea wenyewe ili wakutane tena kabla ya kuendelea na safari, kwa sababu muda waliokaa pamoja kisiwani ndo uliokuwa muhimu kuliko mwingine wowote kwenye maisha yao.

Kwa hiyo mtu anayesema kulikuwa na wafu hajaota, wafu wapo. Alichokosea ni kuchukua maelezo ya nusu ya msimu mmoja akayapaka kwenye misimu sita. Lakini tumtendee haki, kuna vitu vilimsaidia kukosea. Episodi ya mwisho ilipoisha usiku wa Mei 23, 2010, majina ya wahusika yakaanza kupita, ABC wakaweka chini yake picha za mabaki ya ndege kwenye ufukwe mtupu, hakuna mtu hata mmoja. Umetoka kuona jeneza, kanisa, watu wanakumbatiana kwenye mwanga mweupe, Jack anafumba jicho, halafu unaonyeshwa ufukwe wa ajali usio na manusura. Mtu yeyote angeunganisha. Baadaye ABC wenyewe wakalazimika kutoa maelezo kwamba zile picha hazikuwa sehemu ya stori, ni uongozi wa stesheni ulitaka watu wapate pa kupumua kidogo kabla ya matangazo na taarifa ya habari, zikatumika picha zilizopigwa zamani kabla mabaki hayajaondolewa ufukweni. Fikiria, miaka sita ya kazi, na kitu kilichoamua namna mamilioni ya watu walivyoielewa ni picha za kujazia nafasi ambazo hazina hata mwandishi. Hii ndo maana nasema tuache kuwatukana watazamaji.

Hoja ya pili ya upande huo ni nzito zaidi. Toka msimu wa kwanza watu walikuwa wanasema hiki kisiwa ni toharani, Locke alikuwa kwenye kiti cha magurudumu sasa anatembea, Jack anamuona baba yake aliyekufa anakatiza msituni, waandishi wakakataa hadharani, wakarudia kukataa mwaka hadi mwaka. Halafu msimu wa mwisho wanatuletea mahali pa wafu. Mtu aliyekuwa ameahidiwa kwamba hilo halimo ana haki ya kujisikia amezungukwa. Tena ndani ya msimu huohuo roho ya Michael, manusura aliyekwishakufa, inamwambia mwenzake Hurley kwamba ile minong'ono ya msituni ni ya watu waliokufa wakanasa kisiwani. Kwa hiyo mpaka mauti yenyewe kisiwani hayakuwa yananyooka. Naikubali hii hoja kama lawama kwa waandishi, walicheza karibu sana na kitu walichosema hawakigusi. Siikubali kama ushahidi kwamba walikufa kwenye ajali, hayo ni mambo mawili tofauti na watu wanayachanganya makusudi ili wamalize mjadala haraka.

Maana ushahidi wa kwamba waliishi umejaa kila kona. Locke hakufia kisiwani wala kwenye ndege, amenyongwa na Ben, kiongozi wa watu waliokuwa wanaishi kisiwani kabla yao, kwenye chumba cha hoteli Los Angeles, maiti yake ikarudishwa kwenye jeneza ndani ya ndege nyingine kabisa, Ajira 316, iliyokuwa inaenda Guam. Jack, Kate, Hurley, Sayid, Sun na mtoto Aaron walitoka kisiwani wakakaa miaka mitatu uraiani, Sun akazaa Korea, Hurley akarudi hospitali ya wagonjwa wa akili. Mwishoni kabisa Frank Lapidus anairusha Ajira akiwa na Kate, Sawyer, Claire, Miles na Richard, Jack amelala chini anaiona inapita juu ya mianzi, na ubavuni ana jeraha la kisu alilochomwa muda si mrefu, siyo jeraha la ajali. Halafu kuna raba. Kwenye dakika za kwanza kabisa za msimu wa kwanza Jack anafumbua jicho kwenye mianzi, anainuka, anapita pembeni ya raba nyeupe inayoning'inia kwenye mwanzi, mpya, safi, imetoka kwenye mguu wa mtu dakika chache zilizopita. Kwenye dakika za mwisho anapita palepale anayumba, raba ileile bado ipo, imechakaa, imeliwa na mvua na jua. Miaka mitatu imepita juu yake. Kama wangekuwa wote maiti wa tarehe 22 Septemba 2004, hiyo raba isingekuwa na sababu ya kuchakaa.

Na nje ya kanisa, kabla mwanga haujaingia, Hurley anatoka kumuita Ben aingie, Ben anakataa, anataka kubaki kidogo kwa sababu ana mambo yake hayajaisha. Hurley anamwambia ulikuwa msaidizi mzuri sana, Ben anamjibu na wewe ulikuwa kiongozi mkubwa. Hayo maneno mafupi yamebeba miaka mizima ambayo hatukuonyeshwa, miaka ya Hurley kukilinda kisiwa baada ya Jack kufa na Ben kuwa chini yake. Kuna hata kipande cha kama dakika 12 kilichotoka kwenye DVD mwaka 2010 kinachoonyesha hao wawili wakiwa kazini, Ben anaenda kufunga ghala la Dharma, lile shirika la watafiti lililowahi kuwa kisiwani, kule Guam, halafu anamfuata Walt, mtoto wa Michael, hospitalini akiwa na Hurley. Wengi wetu tulioipata hii sizoni kwa kunakili kwenye flashi au kwa CD zilizobanwa episodi kibao kwenye diski moja hatukuwahi kukutana nacho, na nadhani hilo nalo limechangia.

Kwa nini nang'ang'ana na hili wakati ni tamthilia tu? Kwa sababu ukikubali kwamba walikufa kwenye ajali, Charlie, mmoja wa manusura, hakufanya kitu. Yule kijana alijua atakufa, Desmond, aliyekuwa anaona mambo kabla hayajatokea, alishamwambia, akashuka mwenyewe kwenye kile kituo cha chini ya bahari, akazima mtambo uliokuwa unazuia mawasiliano, na maji yalipoanza kuingia akajifungia mlango akaandika kiganjani kwamba meli inayokuja siyo ya Penny, mpenzi wa Desmond, akakibandika kile kiganja kwenye kioo ili Desmond asome. Yule ni mlevi wa heroini aliyeanza stori akivuta kwa kujificha chooni kwenye ndege. Ukimfanya alikuwa maiti toka mwanzo umemuondolea kitu pekee alichonacho, uamuzi. Jin anakataa kumuacha Sun kwenye nyambizi inayozama wakati angeweza kutoka. Sayid anachukua bomu anakimbia nalo. Hivi vitu vina uzito kwa sababu waliovifanya walikuwa na maisha ya kupoteza. Mpwa wangu alinipigia akiwa katikati ya msimu wa pili, "Mjomba, kuna mtu kanitumia meseji kwamba wote wamekufa, sasa naendelea ya nini?" Nikamwambia endelea mjomba, huyo aliyekutumia hakufika mwisho, au alifika akiwa amesinzia. Kinachoniuma ni kwamba wapo wengi waliopata hiyo meseji wakaacha palepale.

Tukiachana na hiyo, kuna hoja nyingine ambayo ni bora kuliko zote na inastahili jibu la maana: kwamba waandishi hawakuwa na mpango, walikuwa wanaunga unga tu. Hii ina ukweli mwingi. Jack alikuwa auawe episodi ya kwanza, jina lililokuwa linatajwa kumcheza lilikuwa Michael Keaton, wakabadili mawazo. Michael Emerson aliitwa kwa episodi chache tu kama Henry Gale, mateka wa kwenye handaki, akaigiza vizuri mpaka akageuka Ben Linus, nguzo ya stori na Emmy juu yake mwaka 2009. Mr. Eko, padri bandia wa Kinaijeria aliyechezwa na Adewale Akinnuoye-Agbaje, alikuwa anajengwa kuwa mkubwa, fimbo yake imeandikwa maandiko, mdogo wake Yemi yupo maiti ndani ya ndege ndogo iliyojaa sanamu za Bikira Maria zenye heroini tumboni, mwigizaji akataka kuondoka, Eko akauawa na moshi mweusi, lile jinamizi la kisiwani, mwanzoni mwa msimu wa 3 na uzi wote ukakatika. Walt, mtoto aliyeonyeshwa ana nguvu za ajabu, msimu mzima wa kwanza unahesabu siku 44 tu kisiwani lakini mwigizaji alikuwa anarefuka kama mtoto yeyote, wakashindwa kumbeba. Mambo ya wajawazito kufa kisiwani, nani aliwapiga risasi manusura wakiwa kwenye mtumbwi msimu wa 5, hayo hayakupata jibu la kueleweka. Anayesema aliachwa na maswali hadanganyi.

Ila kuunga unga siyo dhambi yenyewe, Ben ni zao la kuunga unga na bila Ben hakuna Lost. Swali ni kwa nini ilifika mahali stori ikawa inazunguka palepale, na jibu lake lipo kwenye biashara. ABC ilikuwa inataka episodi 23 mpaka 25 kwa mwaka, na ilikuwa haitaki kusikia habari ya mwisho, kwa sababu tamthilia ikipendwa matangazo yanauzika, nani anaua kuku anayetaga. Sasa wewe ni mwandishi, una stori yenye siri, kila siri ukiifungua imebaki moja pungufu, na hujui kama unatakiwa kufika msimu wa 4 au wa 10. Utafanya nini? Utachelewesha. Utaleta wahusika wapya kama Nikki na Paulo ambao hakuna aliyewaomba. Utatumia saa nzima, Februari 2007, kueleza Jack alipataje tatuu zake Thailand. Lindelof na Cuse wenyewe wameitaja ile episodi ya tatuu kama mfano wa kuwaonyesha mabosi hali itakavyokuwa kama hawatapewa tarehe ya kumaliza. Na mabosi wakasikia. Mei 2007 ikatangazwa kwamba Lost itaisha 2010, zimebaki episodi 48, 16 kwa kila msimu. Kwa stesheni kubwa ya Marekani kutangaza miaka mitatu kabla kwamba itaua sizoni inayopendwa, hilo lilikuwa jambo la ajabu.

Na angalia kilichotokea baada ya hapo. Mei 23, 2007, mwisho wa msimu wa 3, tunamuona Jack ana ndevu, mlevi, tunadhani ni flashibaki ya maisha yake ya nyuma kama kawaida, mpaka Kate anashuka kwenye gari usiku uwanja wa ndege na tunaelewa haya ni ya mbele, walishatoka, na Jack analia anataka warudi. Huwezi kuandika hicho kitu kama hujui unaenda wapi. Mwaka uliofuata ikaja episodi ya Desmond akiruka kati ya 1996 na 2004 akili yake ikikaribia kukatika, mpaka apate mtu mmoja aliyepo kwenye nyakati zote mbili, na ile simu ya Krismasi kwa Penny ndo kitu bora kabisa walichowahi kutengeneza. Msimu ule wa 4 ulikatwa kutoka episodi 16 mpaka 14 kwa sababu ya mgomo wa waandishi, na bado umebana kuliko ile mirefu. Kwa hiyo ukiniambia walikosa mpango, nakuuliza misimu ipi. Kabla ya Mei 2007 nakubali kwa sehemu kubwa. Baada ya hapo tatizo ni lingine.

Nikiendelea na hilo la majibu, mengi yalitolewa ila watu walikuwa wameshaacha kusikiliza, na siwalaumu sana, kuna kipindi ilikatika karibu miezi nane, kutoka mwisho wa Mei 2008 mpaka Januari 2009, mtu anasahau swali lake mwenyewe. Dubu weupe waliletwa na Dharma kwa majaribio, tunaonyeshwa mpaka mabanda yao msimu wa 3. Zile namba zilizokuwa zinajirudia kila mahali, 4, 8, 15, 16, 23, 42, ni za watu ambao Jacob, mlinzi wa kisiwa, alikuwa anawatazama wachukue nafasi yake, Locke 4, Hurley 8, Sawyer 15, Sayid 16, Jack 23, Kwon, jina la ukoo la Sun na Jin, 42. Moshi mweusi ni ndugu yake Jacob. Na ndege ilianguka kwa nini? Kwa sababu Desmond, aliyekuwa anabonyeza kitufe kila baada ya dakika 108 kwa miaka kwenye lile handaki, siku hiyo alitoka kumfuata mwenzake Kelvin akagundua amedanganywa, wakapigana, Kelvin akafa, Desmond akarudi mbio akakuta dakika zimepita na vyuma vinavutwa ukutani. Hapo juu ilikuwa inapita 815. Hilo ni jibu kamili, la kibinadamu kabisa, lilitoka mwisho wa msimu wa pili tu.

Lawama yangu ya kweli ipo msimu wa 6. Ule ulimwengu wa pili ulianza mara tu baada ya Juliet kulipua bomu mwisho wa msimu wa 5, kila mtu akaelewa, na alielekezwa aelewe hivyo, kwamba bomu limefuta ajali na hii ndo hali mpya. Msimu karibu mzima watu walikuwa wanakusanya ushahidi wa kitu ambacho hakikuwepo, wanahesabu tofauti ndogondogo, nani ana kovu nani hana, halafu dakika za mwisho wanaambiwa hapana, hii ilikuwa habari ya baada ya kifo. Wazo ni zuri, mimi ile sehemu ya kanisani yenye dirisha la vioo vya rangi lenye alama za dini tofauti bado inanishika. Lakini walilificha kwa muda mrefu mno, na ukimficha mtu kitu muda mrefu halafu ukamwambia kwa dakika tano akiwa analia, atabeba nusu yake. Wakishirikiana na zile picha za ABC wakaiua maana yao wenyewe. Watu kama milioni 13 na nusu waliangalia usiku ule Marekani, na wengi wakaenda kulala na jibu baya.

Kuna na lingine ambalo kwangu ni zito kuliko mafumbo yote. Harold Perrineau, aliyecheza Michael, amesema hadharani jinsi waigizaji wasio Wazungu walivyosukumwa pembeni kadiri stori ilivyokuwa inaendelea, na jinsi alivyoona vibaya kwamba baba Mweusi anaporwa mtoto wake na stori inaenda zake kana kwamba hajali. Mwaka 2023 haya yakatoka kwa mapana pamoja na malalamiko ya waandishi kuhusu mazingira ya chumba chao cha kazi, na Lindelof akakiri kwamba alifeli kama kiongozi. Rudi sasa uangalie nani wapo ndani ya kanisa na nani hawapo. Michael hayupo, Walt hayupo, Eko hayupo. Rose yupo, Sayid yupo, lakini Waafrika na Wamarekani Weusi waliobeba misimu miwili ya kwanza wengi wao wameishia njiani. Huo ndo mjadala ambao Lost ilistahili kuulizwa miaka yote hii, na umefunikwa na swali la walikufa lini.

Haya yote yana maana kwa tunachoangalia sasa hivi. Tamthilia ya From, iliyoanza 2022, stelingi wake ni huyohuyo Perrineau na nyuma ya kamera yupo Jack Bender, aliyeongoza episodi ya mwisho ya Lost, na tayari msimu wa kwanza tu watu walishaanza kusema wale wote wamekufa. Tumeshajifunza kuangalia hizi stori kwa kuwahi kukisia mwisho ili tusipigwe, matokeo yake hatuwaoni watu waliomo. Manifest nayo, ya ndege inayopotea miaka mitano, NBC waliikata Juni 2021 baada ya misimu mitatu stori ikiwa katikati, mpaka Netflix wakaiokota kuimalizia. Zamani stesheni ilikuwa inakataa kuimaliza sizoni inayolipa, siku hizi inakatwa kabla haijafika popote, na pande zote mbili mwandishi siye anayeamua. Sisi huku tamthilia zetu zinaenda kwa kasi ileile ya zamani ya ABC, zinarushwa siku kadhaa kila wiki, mwaka baada ya mwaka, wahusika wanatekwa wanaokolewa wanatekwa tena, mtu akiuliza itaisha lini hakuna mwenye jibu, na tukichoka tunawatukana waandishi na waigizaji kwamba wameishiwa. Waulizwe na wanaosaini mikataba. Kabla hatujasema mwandishi fulani hana mpango, tuulize kama kuna mtu aliwahi kumpa tarehe ya kumaliza, kama walivyopewa Lindelof na Cuse Mei 2007, na walichofanya nayo miaka mitatu iliyofuata kipo, kinaangalika, kuanzia dakika za mwisho za msimu wa 3.